Saa Iliyoitwa Feki

Fundi saa huyu watu walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda. Lilitokana na lenzi nyeusi aliyoikaza kwenye jicho la kulia kutwa nzima, hata akawa na alama ya duara chini ya unyusi ambayo haikumtoka hata siku za mapumziko. Kibanda chake kilikuwa barazani mwa duka la vitambaa: meza yenye kingo zilizoinuliwa ili vipuri visidondoke, kabati la kioo, taa ya shingo ndefu, na kiti cha mteja ambacho mara nyingi kilikaliwa na watu wasio na saa wala shida ya saa.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ya kimya. Simu zilipoanza kuwaambia watu wakati, ikapungua, akabaki kubadilisha betri na kutoboa mikanda. Kisha saa za zamani zikapata wapenzi. Watu walipekua makabati ya wazazi wao na kumletea walichokiokota. Hawakutaka zitengenezwe. Walitaka kuambiwa kama ni za kweli au za bandia, na ni za enzi gani.

Jicho alijua mambo hayo, na alijua kwelikweli. Mwanzoni alifungua kila saa kabla ya kutamka neno. Lakini sifa zilimlevya. Wa barazani walipenda kumwona akitoa hukumu, naye akapenda kuonwa. Akaanza kuhukumu saa ikiwa bado mkononi mwa mwenyewe, mtu hajakaa hata vizuri. "Feki," angesema, kisha angeinamia kazi yake kana kwamba hakusema kitu, huku nyuma yake watu wakivunjika mbavu na mwenye saa akitafuta pa kuficha mkono. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu.

Mkewe alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake, aliyeendesha treni tangu ujana hadi kustaafu. Jina la kazi lilimfuata nyumbani, na wote walimwita Dereva. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, asiyependa kujisimulia isipokuwa jambo moja tu, nalo ni ile siku ya daraja.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Dereva alikuwa anavuta mabehewa yaliyojaa abiria, na alipokaribia mto aliona kitu kilichomkera: maji kando ya nguzo moja yalikuwa yanazunguka badala ya kupita. Hakuna ishara iliyomwambia asimame. Alisimama kwa akili yake. Wakubwa walimfokea kwenye redio, abiria wakamtukana kupitia madirishani, naye akashuka kwenye mvua na kutembea hadi darajani. Nguzo ya katikati ilikuwa imechimbwa na maji chini kote. Reli zilikuwa zinaning'inia hewani.

Treni ilirudi kinyumenyume mpaka stesheni. Pale jukwaani, mbele ya abiria walewale waliokuwa wakimtukana, stesheni masta alivua saa yake mwenyewe, akamfunga Dereva mkononi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Hii ni saa nzuri. Itunze."

Dereva akaitunza. Na urafiki ukaanzia hapo. Hata walipostaafu wote wawili, kila Jumamosi alikwenda kwa stesheni masta wakacheza drafti kwenye kibaraza cha nyuma, wakibishana kuhusu treni ambazo zilikuwa zimekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu.

Sasa, kuna Jumapili moja ndugu walikusanyika nyumbani kwa Jicho kula chakula cha mchana, kwa sababu binti yake alikuwa amepata kazi hospitalini. Sebule ilikuwa ndogo, wengine walikaa kwenye mikono ya makochi, sahani magotini. Mazungumzo yalipofika kwenye bei za vitu vya zamani, mtoto wa kiume wa Jicho akasema, "Baba, mjomba anavaa saa ya zamani siku zote na wewe hujawahi kutuambia ni ya lini. Hebu iangalie."

Ilikuwa kweli. Saa ile Jicho hakuwahi kuishika. Enzi za kazi ilisafishwa na fundi wa mji ambako Dereva alikuwa analala safarini, na baada ya hapo haikumsumbua. Dereva akaivua, akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Mikono hiyo miwili Jicho aliikumbuka sana baadaye.

Hakuwa na lenzi. Aliielekeza saa dirishani akaiangalia akiwa bado anatafuna. Herufi za jina la kiwanda zilipanda kidogo kuelekea kulia. Vistari vya dakika havikupangana sawa. Uso wa saa ulikuwa mweupe, safi, lakini mishale ilikuwa imechakaa, na ile rangi yake ya kung'aa gizani ilikuwa imegeuka kahawia. Mishale mikongwe juu ya uso mpya: kwa Jicho hiyo ilikuwa saa iliyookotezwa kipande hapa na kipande pale.

"Shemeji," alisema, "hii ni feki."

Hapo angeweza kuishia, au kusema ngoja niifungue kesho. Badala yake aliona macho yote yamemgeukia, akanogewa. "Tazameni jina hili," alisema, akiizungusha saa mbele yao. "Kiwanda gani kinaandika jina lake likiwa limelewa namna hii?" Vijana wakacheka. Kicheko kikamsukuma mbele zaidi. "Huyo stesheni masta wako mjanja, shemeji. Kutoa ya kweli kungemuuma. Akakupa isiyouma."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mmoja wa vijana akasema, "Kwa hiyo mjomba aliokoa treni nzima akapewa kisaa cha mtoto." Dereva naye alicheka, kwa heshima ya wenyeji wake. Akapokea saa yake, lakini hakuivaa. Aliitia kwenye mfuko wa shati na kuomba maji ya kunywa. Mkewe Jicho, aliyekuwa anakusanya vyombo, alimtazama mumewe mara moja tu, kisha akaingia jikoni.

Jicho hakuliwaza tena jambo lile. Kwake ilikuwa hukumu moja kati ya nyingi.

Miezi ikapita. Siku moja mchana mkewe alipita kibandani akitoka sokoni, akatoa leso kwenye pochi na kuiweka mezani. Ndani kulikuwa na saa ile.

"Kaka amenipa. Anasema uivunje utoe vipuri, huenda vikakufaa."

"Mwenyewe haitaki?"

"Anasema haina kazi tena kwake." Akaondoka na kapu lake.

Jicho aliichukua kwa uvivu. Akakaza lenzi, akafungua mfuniko wa nyuma huku sikio lake likiwa kwenye redio ya mwenye duka, iliyokuwa ikitangaza mpira. Kisha redio hakuisikia tena.

Mashine iliyokuwa mle ndani haikuwa ya kuokoteza. Vibao vyake vya chuma vilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, kila ukingo umesuguliwa, hata kingo za chini ambazo mnunuzi hazioni maisha yake yote. Jina la kiwanda lilichongwa ndani ya chuma, herufi zimesimama wima kama askari. Chini ya lile gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, mahali ambapo mwigaji hajisumbui kufika, palikuwa na nambari ya aina ya mashine. Ndiyo iliyotakiwa kuwapo. Alitoa mkanda akatazama katikati ya pembe za kasha, pale panapofichwa na mkanda, akakuta nambari nyingine. Ndani ya mfuniko, karibu na mihuri ya kiwanda, nambari ileile ilikuwa imejirudia.

Akainuka, akavuta katalogi kuukuu ya vipuri aliyorithi kwa mwalimu wake wa ufundi, akaitafuta nambari. Ilianguka palepale ilipopaswa kuanguka, kwenye kundi la saa zilizotengenezwa kabla yeye hajaanza shule. Mihuri ya kasha ilikuwa ya enzi hiyohiyo. Hakukuwa na kitu kilichogombana na kingine.

Ulibaki uso. Alitoa mishale kwa uangalifu, akaunyanyua uso wenyewe, akaugeuza. Nyuso za bandia mara nyingi hubandikwa kwa gundi. Huu ulikuwa na miguu yake miwili myembamba, imetoka kwenye matundu yake bila kulazimishwa, na nyuma yake kulikuwa na alama ya waliouchonga. Pembeni, mahali ambapo rangi nyeupe haikufika, palikuwa na vidoa vya kutu ya zamani. Basi akaelewa. Uso ulikuwa wa saa ileile tangu kiwandani. Uliingia maji, fundi fulani akaufuta na kuupaka rangi upya, akaandika jina kwa mkono wake bila vifaa vya kuandikia. Mishale hakuigusa. Zile herufi hazikuandikwa na tapeli. Ziliandikwa na mtu aliyejitahidi kadiri alivyoweza.

Joto lilimpanda Jicho kutoka kifuani hadi masikioni. Alijua kupaka upya uso wa saa. Yeye mwenyewe aliwahi kupaka. Lilikuwa jambo la kwanza alilopaswa kulifikiria, na mtu yeyote aliyekaa kitako na kufungua mfuniko angelijua kabla chai haijapoa. Hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Muuza magazeti, aliyekuwa amekalia kiti cha mteja, aliuliza, "Vipi, yenyewe hiyo?"

"Bado naangalia," alisema Jicho. Alikuwa amekwisha kuangalia.

Aliisafisha saa ile kuliko alivyowahi kusafisha saa yoyote. Akaitia mafuta, akairudishia uso wake uliopakwa na herufi zake za kupanda, akaitia ufunguo. Ikaanza kutembea mara moja, sauti yake laini na ya haraka. Akaifunga ndani ya droo. Jioni mkewe alipouliza kama ameivunja, alisema hajapata nafasi. Kesho yake akasema hivyohivyo. Akaanza kujipangia maneno. Pengine ampelekee shemeji na kumwambia, nimeitengeneza, wewe vaa tu. Pengine aseme siku ile alikuwa anatania. Kila alipoyatamka maneno hayo kichwani aliiona ile mikono miwili, na chakula kikamshinda.

Kibandani watu walimshangaa. Alikuja mteja na saa inayong'aa kama kijiko kipya, feki ya kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na wa barazani wakajiweka tayari kucheka. Jicho akasema, "Niachie, nitaifungua." Muuza magazeti akamuuliza kama anaumwa.

Hatimaye, alasiri moja, alimkuta mkewe chumbani anakunja shuka zilizotoka kuanuliwa. Akashika ncha moja kumsaidia.

"Ile saa ya kaka yako," alisema, "ni ya kweli."

Mkewe aliendelea kukunja. "Ya kweli vipi?"

"Yote. Mimi ndiye niliyekosea."

"Umejua lini?"

Jicho aliiachia ncha ya shuka. "Siku ile uliyoileta."

Mama huyu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliiweka shuka juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja mpaka ikatulia. "Na bado unaniambia kila siku hujapata nafasi."

"Nitampelekea. Nitamwambia pembeni, mimi na yeye."

"Ulipoiita saa yake feki, ulimnong'oneza?"

Jicho akachukua shuka nyingine kwenye lundo.

"Nenda ukamwambie yeye kwanza, ni haki yake," mkewe alisema. "Halafu uwaambie waliocheka, mmoja mmoja au wote kwa pamoja, utajua mwenyewe. Mimi sikusemei."

Alimkuta Dereva nyuma ya nyumba yake, juu ya ngazi fupi, anazibua mfereji wa bati uliojaa majani. Salamu zilikuwa za kawaida. Dereva hakushuka. Jicho akatoa saa mfukoni, akainyanyua, na akaona jinsi mtu yule alivyotazama kando haraka, kama anayeonyeshwa nguo yake ya ndani.

"Nilisema uivunje," Dereva alisema.

"Nimeifungua, shemeji. Ni ya kweli. Uso wake tu ndio uliopakwa upya zamani. Kila kitu kingine ni cha kiwandani. Siku ile nilisema bila kuifungua. Nimekuja kukuomba radhi."

Dereva alichota majani kwa mkono, akayadondosha chini, akachota mengine. Kisha akashuka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mikono yake yenye tope ikiwa juu ya magoti.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Siku ile pia ulikuwa na hakika."

"Siku ile sikuwa nayo. Nilikuwa nataka kuchekesha."

Dereva alikwangua tope kwenye kucha. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira, na Jicho angependelea hasira. "Unajua mzee amefariki?"

"Stesheni masta? Nilisikia. Pole."

"Sikwenda kumzika."

Jicho alimtazama.

"Baada ya ile Jumapili sikwenda tena kwake," Dereva alisema. "Jumamosi ya kwanza nilijisemea nimechoka. Ya pili nikasema mvua. Nilikuwa nawaza, mtu huyu amenivika kitu cha uongo mbele ya watu, halafu kila Jumamosi anakiona mkononi mwangu na ananimiminia chai. Anacheka moyoni. Nikawa nawaza hivyo tu. Alipougua alituma mtu aniite. Nikasema nitakuja. Alipofariki nikasema mgongo unaniuma." Aliitazama mikono yake. "Ungeniambia hii saa ni ya kweli wakati ule."

Jicho alitaka kusema hakujua, na ilikuwa kweli, hakujua. Lakini alihisi kwamba kulisema neno hilo kungekuwa kujitafutia mlango wa kutokea. Akakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, suruali yake ya kazini ikaloa majimaji ya mfereji.

"Mjane wake yupo," Dereva alisema mwishowe. "Utakwenda na mimi. Mimi siwezi kulifikisha hilo peke yangu."

Wakaenda siku iliyofuata. Nyumba ya stesheni masta ilikuwa mwisho wa barabara ya nyumba zinazofanana, na madirisha yake yalipakwa rangi ya kijani ileile ya majengo ya reli. Mjane aliwafungulia mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipomwona Dereva alisimama kidogo mlangoni, kisha akasema, "Karibuni," akatangulia ndani.

Sebuleni maji ya kunywa yaliletwa, yakanywewa. Jicho akaona Dereva anamtazama, akajua zamu ni yake. Aliyaeleza yote, akiwa ameinamisha kichwa: chakula cha mchana, herufi, utani wake kuhusu stesheni masta, jinsi alivyoupiga ule utani ili vijana wacheke. Aliurudia neno kwa neno, kwa sababu aliona kuufunika kungekuwa kosa jingine. Akasema, "Huyu mzee wangu aliacha kuja hapa kwa sababu yangu, mama. Si kwa sababu yake."

"Sababu yangu pia ipo," Dereva alisema. "Ningeuliza. Sikuuliza."

Mjane alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Alikuwa ananiuliza amekukosea nini," alimwambia Dereva. "Kila Jumamosi. Alikuwa anapanga kete, anakaa, halafu ananiita jikoni. Mama fulani, mimi nilimwambia nini yule Dereva? Nikawa namwambia, labda anaumwa. Alifikiri ulikasirika kwa sababu alikushinda mara nyingi. Akasema ukija atakuachia."

Dereva alifunika uso kwa mkono. Jicho aliangalia zulia, mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimekatika karibu na mguu wa meza, na akatamani mama yule amtukane.

Baada ya muda mjane akaomba kuiona saa. Dereva akampa. Aliishika karibu na macho, akaugusa uso wake kwa kidole kupitia kioo.

"Mwanangu wa kwanza aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji," alisema. "Alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mume wangu aliipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa anaandika mabango ya maduka, anatengeneza na saa. Ilirudi hivi. Nilimwambia herufi zimekaa vibaya, akasema saa ni ya kusoma wakati, si ya kusoma jina." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Hii ilikuwa ya baba yangu. Alimpa siku aliponioa. Siku aliyorudi nyumbani mkono mtupu akaniambia amempa dereva wa treni, sikusema naye kwa wiki nzima. Nilimwambia, huna kingine cha kumpa? Akaniambia, sina kingine kinachotosha."

Jicho alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia: kutoa ya kweli kungemuuma. Aibu aliyokuwa nayo tangu afungue mfuniko ule ilikuwa ya fundi aliyekosea kazi. Hii ilikuwa nyingine. Alikuwa amemdhihaki marehemu kwa kudai hana ukarimu uleule aliokuwa nao.

"Mama," Dereva alisema, "ichukue. Sistahili kuivaa."

Pengine alitarajia akataliwe. Jicho naye alitarajia hivyo. Lakini mjane alifikiri, akafunga vidole vyake juu ya saa.

"Naipokea," alisema. "Si kwa hasira. Ni ya baba yangu, na wewe umeshaivua mkononi. Ila Jumamosi uje. Bomba la jikoni linavuja na mimi sina wa kubishana naye."

Waliondoka. Njiani Dereva alitembea mbele kidogo. Shati lake lilikuwa la mikono mifupi, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto bado palikuwa na mstari wa ngozi nyeupe kuliko nyingine. Walipofika njia panda aliinua mkono kuaga bila kugeuka.

Wale waliocheka Jicho aliwaambia wakati walipokuja kumsaidia binti yake kuhamia nyumba ya wafanyakazi. Walikuwa wamekaa juu ya masanduku, wanapumzika. Alikuwa amemwomba Dereva awepo, naye akakataa. "Waambie nisipokuwepo. Sitaki kutazamwa tena," alisema, na Jicho aliona ana haki. Akawaambia saa ilikuwa ya kweli, ya enzi gani, aliijuaje na kwa nini hakuijua. Akawaambia kuhusu mazishi. Mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye aliyeianzisha habari ile, alijaribu kumwokoa. "Baba, kukosea ni kawaida. Hata madaktari wanakosea."

"Sikukosea kama daktari," Jicho alisema. "Daktari anampima mgonjwa kwanza. Mimi sikuifungua."

Yule kijana aliyetania habari ya kisaa cha mtoto aliinamisha kichwa na kuanza kukwangua gundi kwenye sanduku. Baada ya dakika chache wakaendelea kubeba vyombo.

Tangu hapo kibanda kilipoteza watazamaji wake. Jicho hakutoa tena hukumu za papo hapo. Aliyeleta saa aliambiwa aiache, na majibu alipewa peke yake, kwa sauti ya chini, hata kama saa ilikuwa bandia ya kuchekesha. Wa barazani walihamia kwa fundi simu, ambako kulikuwa na maneno zaidi. Muuza magazeti tu ndiye aliyebaki, kwa sababu ya kiti.

Dereva alikwenda kwa mjane Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Mkewe Jicho ndiye aliyeleta habari hizo: bomba limetengenezwa, sasa ni komeo la mlango. Nyumbani kwa Jicho, Dereva alikuja mara chache, akala, akaongea na dada yake, na alimjibu shemeji yake kwa adabu kama ya mtu anayejibu karani. Siku ya daraja hakuisimulia tena. Mtoto mmoja wa ndugu alipomwomba aisimulie, alisema ameisahau, na watu wazima wote waliokuwapo walitazama sahani zao.

Kisha asubuhi moja Dereva alitokea barazani, akasimama mbele ya kabati la kioo mikono nyuma.

"Nataka saa," alisema. "Nashindwa kujua muda wa dawa zangu."

Jicho aliinuka haraka mno, akagonga goti mezani. "Chagua yoyote, shemeji."

"Nataka feki. Hizo ndizo unazozijua."

Muuza magazeti alishusha gazeti lake. Jicho alihisi joto lile la masikioni likirudi, lakini alipomtazama Dereva aliona pembe moja ya mdomo wake haijatulia sawasawa. Haikuwa tabasamu. Haikuwa mbali nalo, hata hivyo. Jicho akatoa saa ya betri, ya kawaida kabisa, akakaa, akakaza lenzi, akaufungua mfuniko wake mbele ya Dereva. Alimwonyesha betri, akamwonyesha mashine ya plastiki, akamwambia imetengenezwa wapi na itadumu muda gani kabla haijaanza kuchelewa. Alichukua muda wake. Dereva aliinama kusikiliza, na kila asichoelewa aliuliza. Kisha akavuta kiti, muuza magazeti akimpisha, akanyoosha mkono ili afungwe mkanda.